Mkono wa kuamia ndege

Nilichokiona kwanza sikukiona uwanjani. Nilikiona kwenye sinia.

Tulikuwa tumemaliza mazoezi ya Jumamosi, vijana kumi na wawili na mimi, tumekaa chini ya mwarobaini nyuma ya madarasa, sinia mbili za ugali wa uwele na bakuli za mlenda. Asiyekulia kwetu anadhani mlenda ni wa kumeza tu. Una ufundi wake. Unamega, unachovya, unazungusha mkono mara moja kwa haraka kuukata ule uzi unaovutika, ndipo tonge linakwenda mdomoni. Kuzungusha kule kunaanzia kwenye kiwiko, na watu tunakufanya kutwa bila kujua.

Yule kijana hakuzungusha. Alimega kidogo, akachovya, kisha akainamisha shingo mpaka mdomo ukaufuata mkono karibu na goti. Tonge la pili vilevile. La tatu uzi wa mlenda ulimdondokea kwenye bukta, wenzake wakacheka, naye akacheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, umelala pajani bila kazi, lakini mtoto aliyelelewa upande wa Mvumi hali kwa kushoto mbele ya watu hata kama wa kulia unawaka moto.

Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimemuuliza mbele ya wenzake, "Mkono vipi?"

"Freshi, mwalimu."

Nami nikaandika kwenye daftari: mkono freshi.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Najua, hata mimi mwanzoni nililitamka neno hilo kama mtu anayetafuna kokoto. Waendesha bodaboda wanaosimama kututazama wamekwisha kuamua kwamba tunacheza rede, rede ya wanaume, na kwa kweli hawakukosea sana: kuna mtu anarusha na kuna mtu anahangaika na mpira uliorushwa. Tofauti ni kwamba huku anayerushiwa ana gongo mkononi, na mpira hauwi wa soksi na matambara. Una gramu zisizopungua 142, umeshonwa ngozi kwa uzi mwekundu, na ukikupata mbavuni utalala kwa upande mmoja wiki nzima.

Mjapani mmoja wa kujitolea, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyetuachia mzigo wa kwanza: glavu tisa, magongo manne, mipira ndoo moja na kitabu cha sheria chenye picha. Wajapani ndio walioupalilia mchezo huu nchini. Uwanja wa kwanza wa besiboli Tanzania ulizinduliwa 2018 pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, ukapewa jina la Koshien, kwa heshima ya uwanja wa Japani uliojengwa 1924 ambako vijana wa sekondari hucheza mashindano yanayosimamisha nchi. Kule, timu ikishindwa, wachezaji hupiga magoti wakichota udongo wa uwanja na kwenda nao nyumbani kwenye vifuko. Nilipowasimulia vijana wangu, mmoja akauliza kama sisi tukishindwa Dodoma tutahitaji kuchota, maana udongo unatufuata wenyewe mpaka ndani ya masikio. Upepo wetu mnaujua.

Mimi si kocha wa besiboli. Ni mwalimu wa michezo aliyewahi kurusha mkuki. Lakini kwa nchi kavu kama hii kwa habari ya besiboli, mtu anayeweza kueleza mpira wa kupinda ni mtaalamu. Ndivyo nilivyojikuta nimepewa kazi ya kusaka vipaji: makocha wa Dar es Salaam walikuwa wakikusanya majina ya vijana wa kwenda kujaribiwa, wakaniomba taarifa ya kila mmoja ninayemwona anafaa. Nilikuwa na mmoja tu. Mrushaji, miaka 16, mrefu, mwembamba, mikono iliyoning'inia kama ya mtu aliyeazima mabega ya kaka yake.

Kwa wasioujua mchezo, mrushaji ndiye kila kitu. Anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na hakuna kinachotokea mpaka yeye aachie mpira. Wakubwa wa Marekani wanaurusha kwa kilomita 150 kwa saa na zaidi, kwa hiyo mpigaji anabaki na kama sehemu nne za kumi za sekunde kuamua apige au auache. Ndiyo maana wanawasaka warushaji kama wanavyosaka almasi. Na ndiyo maana wanawavunja.

Wao wana bunduki ya rada ya kupimia kasi. Mimi nilikuwa na simu. Nilimpiga picha za video kwa ubavu, fremu 30 kwa sekunde, kisha usiku nikakaa kitandani nahesabu fremu tangu mpira unapotoka vidoleni mpaka unapoingia kwenye glavu. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele, kwa hiyo mpira unasafiri kama mita 16.8 hivi. Fremu 16. Ukipiga hesabu unapata kama kilomita 113 kwa saa. Njia hii ni ya kienyeji, fremu moja tu ikikupotea umeongeza au umepunguza kilomita saba, lakini nilirudia mipira ishirini na jibu halikwenda mbali. Kwa mtoto aliyeshika mpira wa besiboli kwa mara ya kwanza miezi minane nyuma, nililala nikitabasamu kama mlevi.

Kasoro ilikuwa kwenye mipira ya mwisho. Kuanzia wa arobaini hivi, fremu zikawa 17, mara 18. Hilo ni la kawaida, mtu huchoka. Lisilo la kawaida lilikuwa kiwiko. Mwanzo wa mazoezi kiwiko chake kilipanda usawa wa bega. Mwishoni kilikuwa kimeshuka, na mpira ulianza kupita juu ya kichwa cha mdakaji. Kati ya mpira na mpira alijichelewesha. Alifunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Alifuta jasho mahali pasipo na jasho. Ukitazama video bila sauti unamwona mtu anayenunua muda.

Halafu ndipo likaja sinia la mlenda.

Wamarekani huwapa wachezaji alama kuanzia 20 hadi 80 (usiniulize kwa nini si 0 hadi 100, sisi tuliokulia kwenye mitihani ya Baraza tungewapangia vizuri zaidi). Kasi ina alama yake, shabaha yake, mpira wa kupinda wake. Fomu niliyojichorea ilifuata mtindo huohuo. Nilipofika chini nikagundua hakuna safu ya kuandika: anaficha.

Nilianza kusoma. Kiwiko cha mrushaji kina ligamenti fupi upande wa ndani, ile nyama ngumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Mkono unapolala nyuma kabla ya kuvutwa mbele, upande ule unafunguka kama kifuniko cha mkoba, na ligamenti ndiyo inayokataa. Kila mpira wa kasi huibebesha mzigo unaokaribia kikomo chake. Kwa mtoto ambaye mifupa haijakomaa, mara nyingi ligamenti haikatiki kwanza. Kinachoachia ni gegedu la ukuaji, mahali mfupa unapoongezeka urefu, kwa sababu pale ndipo palipo laini kuliko ligamenti yenyewe. Mtoto anasema panauma kidogo tu, anarusha siku mbili, anapumzika moja, na gegedu linaendelea kunyofoka.

Mpaka 1974 ligamenti ile ikikatika mrushaji alikwenda kutafuta kazi nyingine. Mwaka huo daktari Frank Jobe wa Los Angeles alichukua kano kutoka kwenye mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto. John alirudi uwanjani 1976 akarusha mpaka 1989, na kati ya ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya upasuaji. Kano yenyewe hata haina kazi kubwa. Gusanisha kidole gumba na cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono: ule uzi unaosimama katikati ndio huo. Wengine hawana kabisa. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu, kipindi kizima kiliishia hapo, kila mtu akiukagua mkono wa jirani yake.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha R. A. Dickey. Mwaka 1996 timu ya Texas Rangers ilimchagua katika raundi ya kwanza ya ule mgao ambao timu huchagua vijana wapya, wakamwandalia dola 810,000. Kabla hajasaini, daktari wa timu aliona picha ya jalada la gazeti, Dickey amesimama na warushaji wenzake wa timu ya taifa, na jicho lake likanasa mkono mmoja unaoning'inia tofauti na mingine. Wakampiga picha za kiwiko. Ligamenti haikuwepo. Haikukatika, haikuwepo tu, kana kwamba hakuzaliwa nayo. Ofa ikashuka hadi dola 75,000. Mtu yuleyule, mkono uleule uliokuwa ukishinda wiki iliyopita.

Nawaza sana kuhusu daktari yule. Alifanya alichotakiwa kufanya, na alikifanya kwa jicho ambalo mimi ningelipenda liwe langu. Nami nilikuwa nimeona mkono unaoning'inia tofauti, kwangu ukiwa juu ya mlenda. Swali ni kwamba alipoona, aliona kwa faida ya nani? Dola 735,000 zilibaki mfukoni mwa timu. Dickey alibaki na mkono wake, akatangatanga kwenye ligi ndogo miaka na miaka, akajifunza kurusha mpira usiozunguka, unaoyumba hewani kama karatasi, na 2012, akiwa na umri wa miaka 38, akapewa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka kwenye ligi yake. Timu ya Houston nao 2014 walimchagua mrushaji Brady Aiken wa kwanza kabisa nchini, wakaona kitu kwenye vipimo vya kiwiko, wakapunguza bei, akakataa kusaini. Mwaka uliofuata kiwiko kikafanyiwa upasuaji. Walikuwa wameona kweli. Taarifa yao ilikuwa sahihi, na mtoto hakufaidika nayo hata senti.

Kuna upande wa pili, wa wale wanaotunzwa. Mrushaji Stephen Strasburg alifanyiwa upasuaji kama huo 2010, na 2012 timu yake ya Washington walimkalisha benchi akiwa mzima, msimu haujaisha, wakafungwa bila yeye. Walitukanwa. Mwaka 2019 aliwapa ubingwa, wakampa mkataba wa dola milioni 245, na baada ya hapo akacheza mechi nane tu maisha yake yote. Mtu yeyote anayekwambia anajua kutabiri kiwiko, mwombe akutabirie na mvua za Dodoma.

Nami nina kiwiko changu. Nilirusha mkuki enzi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na ulipoanza kuniuma nilisema panauma, mara moja, kwa mtu mzima aliyehusika. Akaniambia nijikaze, mwanaume haumwi kiwiko. Nilikandwa maji ya moto, nikachuliwa na mafuta ya kondoo, nikarusha. Leo mkono haunyooki mpaka mwisho. Nikisimama naonekana kama nimebeba kikapu kisichoonekana. Sijawahi kusema tena panauma. Kwa hiyo lile "freshi, mwalimu" sikuhitaji kutafsiriwa. Nililijua tangu kwetu. Mbele ya mtu mwenye daftari na simu iliyosimamishwa kwenye tofali, nani atasema anaumwa? Mimi mwenyewe, kwa kule kumtazama, ndiye niliyekuwa nikimfundisha kuficha.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari la Mvumi bila kumpa taarifa.

Ilikuwa Aprili, uwele umekomaa, ile wiki ambayo kila kaya ina mtu shambani tangu alfajiri. Mama yake nilimkuta anapepeta.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mwalimu. Karibu kigoda. Amefanya kosa gani?"

Nikamwambia hajafanya kosa, nimekuja kumsalimia tu. Akanitazama kama watu wazima wanavyomtazama mtu anayedanganya kwa adabu, akanielekeza kwa kidevu. "Yuko dunguni. Tangu jana yuko dunguni."

Msiomjua kwelea niwaambie. Ni ndege mdogo kuliko ngumi ya mtoto, domo jekundu, na mmoja peke yake anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, si kitu. Shida ni kwamba haji peke yake. Wanakuja kama moshi, maelfu kwa malaki, moshi unaokunja na kukunjuka, na ukitua shambani unasikia mlio kama mafuta yanayokaangwa. Serikali hutuma ndege ya kunyunyiza sumu kwenye mazalio yao. Siku ambazo ndege hiyo haijaja, kuna watoto. Kuamia ndege ndiyo ajira ya kwanza ya mtoto wa Kigogo: unapandishwa dungu, unapewa kombeo na rundo la mawe, na unakaa huko na sauti yako.

Nilikaa chini ya mbuyu ambako hakuniona. Nilikuwa na kalamu. Kuanzia saa kumi mpaka jua lilipozama alirusha mawe 143. Kwa kombeo yale ya mbali, mkono ukizunguka juu ya kichwa. Kwa mkono mtupu yale ya karibu, na hayo ndiyo yaliyonitoa jasho, kwa sababu yalikuwa mazuri. Hatua, kiuno, bega, kiwiko, kiganja, vyote vikifuatana kama ushanga kwenye uzi. Hakuna Mjapani aliyemfundisha vile. Nilikuwa nimejisifu wiki nzima kwamba nimeibua kipaji, kumbe kipaji kilijengwa na kwelea.

Na kila baada ya mawe kumi hivi alikuwa akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akiukunja taratibu kifuani, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Hapo hapakuwa na wa kumficha.

Mama alikuja na kikombe cha uji akakaa karibu yangu. Nikamuuliza kijana alianza lini kupanda dungu.

"Alikuwa hajang'oa meno ya utoto," alisema. "Dada zake wana mikono ya kupeta. Huyu ndiye mwenye shabaha. Baba yake alipofariki nikasema, Mungu ameniachia bunduki."

"Anakwambia mkono unamuuma?"

"Mwalimu, na mimi mgongo unaniuma. Tunaambiana ili iweje?"

Nilirudi mjini na hesabu. Shirikisho la besiboli la Marekani pamoja na ligi kuu yao wana mwongozo walioutoa 2014: kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mipira 95 kwa siku, na akifikisha 76 apumzike siku nne kamili. Nilikuwa nimejivunia kuufuata. Jumamosi uwanjani hakuwahi kuvuka mipira 60, niliihesabu mwenyewe kwa vijiti. Lakini alikuwa akija kwangu na mkono ambao wiki nzima umekwisha kurusha, na hakuna fomu duniani inayouliza: nyumbani kwenu kuna kwelea?

Wajapani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Agosti 1998, kijana Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mechi moja ya Koshien, ingi 17 (yaani awamu za mchezo), siku moja tu baada ya mechi nyingine kamili. Nchi ilimlilia kwa mapenzi. Alikwenda Marekani, akapata fedha, na 2011 akapata upasuaji wa Tommy John. Ilichukua mpaka 2020 wenye mashindano wakaweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki, ambacho bado kwangu ni kingi.

Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo kulikuwa na kocha mmoja wa shule ya serikali huko Ofunato, pwani iliyopigwa na tsunami ya 2011. Mrushaji wake, Roki Sasaki, alikuwa amefikisha kilomita 163 kwa saa akiwa bado anavaa sare za shule. Timu ilifika fainali ya mkoa wa Iwate, mechi moja tu kutoka Koshien, ambako shule hiyo haikuwa imekanyaga tangu 1984. Siku iliyotangulia Sasaki alirusha mipira 129. Asubuhi ya fainali kocha hakumpanga. Hata dakika moja hakuingia. Walifungwa 12 kwa 2. Shuleni simu zikalia kwa matusi, na mabishano yakafika kwenye televisheni ya taifa.

Aprili 2022 Sasaki alirusha mechi isiyo na doa, wapigaji 27 waliingia na 27 wakatoka, 19 kati yao bila kuugusa mpira kwa maana. Ningependa kuishia hapo, lakini 2025, mwaka wake wa kwanza Los Angeles, bega lilimweka nje kwa miezi. Kwa hiyo simnukuu kocha yule kama mtu aliyethibitishwa na matokeo. Namnukuu kwa sababu ya asubuhi ile tu. Alikuwa na karatasi ya kikosi mkononi, na kwa mara moja karatasi ilifanya kazi kwa ajili ya mkono, si kwa ajili ya wanaousubiri.

Taarifa yangu niliiandika mara tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya uongo mtamu: kasi, urefu, umri, "afya njema". Ya pili ilikuwa ya kiungwana: "anahitaji uangalizi wa kiwiko", maneno yanayomfanya msomaji ahisi amearifiwa bila kujua chochote. Ya tatu ilieleza yote, fremu 16 na 18, kiwiko kinachoshuka, mlenda, mawe 143, miaka kumi ya dungu. Mwishoni nikaandika kwamba nashauri asiitwe kujaribiwa msimu huu, aitwe mwakani, na kwamba wakiwa na njia ya kulipia vipimo, hicho ndicho kipaji kinachohitaji fedha sasa.

Kabla ya kuituma nilimsomea. Hilo sikulisoma popote, lilinijia tu kwamba Dickey aliijua habari ya kiwiko chake mwishoni, baada ya kila mtu. Tulikaa chini ya mwarobaini uleule. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye mlenda alishtuka, akautazama mkono wake kana kwamba ndio uliosema.

"Mwalimu, umeniuza."

"Sijakuuza."

"Kule kuna watu wanasoma jina langu mara moja tu. Umeandika mimi mgonjwa." Akanyamaza. "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema freshi."

"Uliniuliza mbele za watu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilituma. Hawakumwita. Fedha za vipimo hazikuja pia, wala sikuwalaumu, wana vijana wengi na mfuko mmoja. Tulichanga sisi, walimu watatu na mwendesha bodaboda mmoja ambaye bado anaamini ni rede, tukampeleka kupigwa eksirei. Daktari alituonyesha picha mbili, kiwiko cha kulia na cha kushoto, na hata mimi niliona ule mstari mweusi upande wa ndani ulivyo mpana zaidi kwa kulia. Gegedu limeanza kuachia, alisema, bado halijatoka. Asirushe kitu chochote kwa miezi. Kitu chochote, akarudia, akinitazama mimi.

Kijana hakunisemesha mpaka Agosti. Septemba, Simbu wa kwetu Singida aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, mwalimu mwenzangu alinicheka: waachie watoto wakimbie, mguu hauna kwelea. Nilicheka kwa adabu.

Kilichobaki kilikuwa uwele. Daktari anaweza kukataza besiboli, lakini shamba halina likizo ya ugonjwa, na msimu ungerudi. Nilikwenda kwa mama na lile karatasi la hospitali, nikamweleza jinsi timu za wakubwa zinavyoishi: kwamba hazina mrushaji mmoja, zina watano, wa leo akirusha anakaa siku nne, anarudi zamu yake. Nilikuwa namweleza tu ili aone mkono unavyoheshimiwa huko.

Alisikiliza akiendelea kupeta. "Kumbe wanapokezana," akasema. "Sasa hao kumi na wawili wako Jumamosi wanafanya nini?"

Ndivyo zamu ilivyoingia dunguni. Machi hii, uwele ulipoanza kushika punje, vijana watano wa timu walikuwa wakienda Mvumi kwa kupokezana, wiki hadi wiki, nauli wakilipwa uji na mahindi ya kuchoma. Mmoja hana shabaha hata ya kumpiga mbuyu, lakini ana sauti. Kijana mwenyewe naye alirudi dunguni, kwa masharti ya mama yake: makopo matupu yamefungwa kwenye kamba kutoka dungu mpaka kona ya shamba, utepe wa kaseti za zamani umetandazwa juu ya masuke unametameta, na yeye anavuta kamba kwa mkono wa kushoto.

Mawe anaruhusiwa thelathini. Eksirei ya pili ilikuwa nzuri, daktari akasema aanze taratibu. Anayapanga kwenye ubao wa dungu safu tatu za kumi, na yakiisha yameisha.

Nilikwenda Jumapili iliyopita. Safari hii nilimpa taarifa, na niliacha daftari nyumbani. Nilipanda ngazi ya dungu nikakaa pembeni yake, tukala ubuyu kimya. Saa kumi na moja wingu likaja kutoka upande wa milimani, likajikunja mara moja, likaanza kushuka kona ya mbali, kule utepe usikofika. Ubaoni kulikuwa na jiwe moja.

Akaliangalia. Akaniangalia mimi.

Nikageuza uso, nikautazama mbuyu.